Bibi, mkonge na piramidi: siku tisa Yucatán

Siku ya kwanza: Houston hadi Cancún

Mama yangu alifika Houston mwezi wa kumi na moja akitokea Tanga. Baada ya wiki tatu za kukaa ndani akipigwa na kiyoyozi, akatangaza kwamba Marekani ni nchi nzuri ya kulala. Basi shule zilipofungwa Desemba tukakata tiketi za kwenda Cancún, kwenye rasi ya Yucatán huko Mexico, watu watano: mimi, baba watoto, Mkubwa wetu wa miaka kumi na minne, Kitinda wa miaka tisa, na Bibi yao.

Wenye pasi ya Tanzania wajue hili: mwenye viza hai ya Marekani hahitaji viza nyingine kuingia Mexico. Afisa wa uhamiaji alimwuliza Bibi anakuja kufanya nini. Nikamtafsiria. Akajibu kwa Kiswahili, akimtazama usoni, "Kutembea." Muhuri ukagongwa.

Kilichotuumiza ni gari la kukodi. Bei tuliyoiona mtandaoni ilikuwa ya kuchekesha, na pale kaunta ikaongezeka karibu mara nne, kwa sababu bima ya kufidia watu wengine ni ya lazima na haikuwa imeandikwa mahali macho yanapofika. Uliza kabla hujalipa. Baba watoto hakuzungumza mpaka hotelini.

Siku ya pili: bahari imefungwa

Tulikuwa twende kisiwani asubuhi. Tukaamka na upepo unaopiga minazi mpaka inainama, na bandari imefungiwa vyombo vidogo. Mhudumu wa hoteli akasema ni *norte*, upepo wa baridi unaoshuka kutoka kaskazini miezi hii.

"Norte ndiyo nini?" Bibi akauliza.

"Kaskazini, Mama."

"Si mseme kaskazi tu." Akajifunika mtandio, akarudi kumalizia chai. Kwake jambo limekwisha: baba yake alikuwa mvuvi wa Kigombe, na bahari ikikataa huwa haibembelezwi.

Tukapindua ratiba na kuelekea bara, Valladolid, mwendo wa kilomita 160 hivi. Kuna barabara ya kulipia iliyonyooka kama rula, na kuna ya bure inayopita vijijini. Tulichukua ya bure, na tukakutana na matuta. Wanayaita *topes*, na mengine hayana alama yoyote. Unalijua tuta baada ya kichwa kugonga dari. Lakini bila barabara ile tusingeziona nyumba za Wamaya, wenyeji wa asili wa huku: zina umbo la yai, kuta za fito na udongo, na juu makuti. Bibi alishusha kioo akawa anazihesabu. Ndani hakuna vitanda, wanalala kwenye machela za kamba zilizofungwa ukuta hadi ukuta.

Ukitoka jimbo la Quintana Roo kuingia jimbo la Yucatán, saa inarudi nyuma saa moja. Tulipata saa ya bure, na tukaitumia kuogelea.

Jambo lililomsumbua Kitinda ni kwamba tulisafiri saa mbili bila kuvuka mto hata mmoja. Sehemu hii yote ni bamba la mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha maji yanazama, yanapita chini kwa chini kwenye mapango, na pale dari la pango lilipoporomoka ndipo penye senote, shimo lenye maji. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaya, *dzonot*. Na kaskazini magharibi mwa rasi, kwenye ukingo wa shimo la Chicxulub lililochimbwa na kimondo miaka milioni 66 iliyopita, kile kilichomaliza madinosauri, senote zimejipanga nusu duara kama shanga. Kitinda alilichukua hili la madinosauri akalala nalo.

Valladolid ina senote katikati ya mji, Zací. Pango kubwa, ngazi zinazoteleza, maji ya kijani kibichi, na kambare wadogo wanaogusa miguu. Mkubwa alipiga kelele mpaka mwangwi ukamjibu.

Chakula kilitaka umakini. Fahari ya Yucatán ni *cochinita pibil*, nyama iliyokolezwa kwa chungwa chachu na achiote, kiungo chekundu, ikafungwa kwenye majani ya mgomba na kufukiwa shimoni juu ya mawe ya moto. Kwa bahati mbaya ni nguruwe. Ipo ya kuku, *pollo pibil*, na ndiyo iliyotulea. Ila angalieni maharage: ukiyaona laini yanang'aa, mengi yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Nilijifunza kusema "sin cerdo, sin manteca", bila nguruwe, bila mafuta yake, kabla ya salamu. Vinywaji havikuwa na shida. Juisi ya ukwaju ipo kila kona, na juisi nyekundu wanayoiita *jamaica* ni rozela yetu. Uwanjani kulikuwa na mama anauza maembe yaliyochanjwa, akayanyunyizia chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Bibi alikula mawili amesimama. "Huyu ametokea Ngamiani," akasema, yaani kwetu Tanga.

Siku ya tatu: Chichén Itzá

Tulikuwa kwenye geti la magofu haya ya Wamaya kabla ya saa mbili asubuhi, na huo ndio ushauri wangu mmoja wa maana. Kufika saa tano mabasi ya kutoka Cancún yamemwaga watu, jua liko utosini na huoni piramidi, unaona kofia.

Mnapita njia ya miti, mnakata kona, na El Castillo, piramidi kuu, lile pale, peke yake kwenye nyasi. Mita 30 kwenda juu ukijumlisha na hekalu la kileleni. Haipandwi tena, walifunga ngazi mwaka 2006. Kitinda alinuna, kisha kiongozi wetu, mzee mfupi mwenye kofia ya ukindu, akampa kazi ya hesabu: kila upande una vidato 91, pande ziko nne, ongeza jukwaa la juu.

"Mia tatu sitini na tano."

"Mwaka," akasema mzee.

Akapiga makofi mara moja mbele ya ngazi. Mwangwi uliorudi haukuwa kofi. Ulikuwa mlio wa ndege, wenyewe wanasema ni ketzali. Tulipiga makofi robo saa nzima kama wendawazimu.

Mzee akaendelea: mwaka wao ulikuwa na miezi 18 ya siku 20, ambazo ni 360, kisha siku tano za mwisho zisizo na mwezi, siku za nuksi, ambazo watu hawakupenda kuanza jambo. Nilipomaliza kumtafsiria Bibi, alikaa kimya kidogo.

"Baba alihesabu hivyo hivyo."

Nilikuwa nimesahau. Babu hakuwa na kalenda ukutani. Alianza na Siku ya Mwaka, akahesabu miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36, halafu siku tano za ziada. Kwa miongo alijua lini apande mtama, lini aache kwenda kilindini. Wao ishirini ishirini, sisi kumi kumi, na wote tumebakiwa na tano zile zile mkononi. Mzee aliomba nirudie polepole. Akalitamka, "mi-on-go," akaliandika kwenye daftari lake.

Uwanja wa mpira una urefu wa mita 168, mkubwa kuliko viwanja vyote vya aina yake vilivyopatikana Amerika ya Kati. Pete za mawe ziko juu mita sita, na mpira wa raba nzito ulichezwa kwa nyonga. Kuta zimechongwa mchezaji aliyekatwa kichwa, damu inamtoka shingoni kwa umbo la nyoka. Jirani kuna jukwaa lililochongwa safu za mafuvu. Mkubwa alipiga picha kila fuvu.

Kisha senote takatifu, mwisho wa njia nyeupe. Upana wake ni kama mita 60, maji ya rangi ya supu ya mchicha, kuta zimesimama wima. Hapa ndipo jina la mji linapotoka: *chi* mdomo, *ch'en* kisima, kisima cha Waitza, Wamaya wa hapa. Kati ya 1904 na 1910 Mmarekani Edward Thompson, aliyekuwa amenunua ardhi yote hii pamoja na magofu yake, alikwangua tope la chini akatoa dhahabu, vito vya jade na mifupa ya watu, na vingi akavipeleka Harvard. Zamani wageni walisimuliwa kwamba waliotupwa walikuwa mabikira. Mzee hana subira na hadithi hiyo. Karibu na hapa, kwenye shimo la kuhifadhia maji, yalipatikana mabaki ya watoto zaidi ya mia, na mwaka 2024 wanasayansi walitoa matokeo ya vinasaba vya 64 kati yao. Wote wavulana. Baadhi ni ndugu, na wamo mapacha wa kufanana, jozi mbili.

Bibi alimshika Kitinda mkono na hakumwachia mpaka tulipotoka.

Njia zote zimejaa wauzaji. Wanapuliza filimbi zinazonguruma kama chui, unaruka, kisha wanakwambia kwa Kiswahili cha kwao, yaani Kiingereza, kwamba kinyago ni karibu bure. Karibu bure ni dola ishirini. Bibi alikishusha hadi sita bila lugha ya pamoja.

Tukiagana Mkubwa akauliza swali alilolisoma shuleni: Wamaya walipotelea wapi? Mzee alicheka. Simu yake ikaita, akaipokea, akazungumza dakika nzima kwa lugha yenye vikwazo vidogo vidogo vya koo, si Kihispania. Alipoikata akatuambia ni mama yake, anauliza kama atarudi na tortilla, chapati za mahindi.

Alitufundisha salamu yao: *bix a beel*, njia yako ikoje. Unajibu *ma'alob*, nzuri. Bibi alisema hiyo ni salamu ya watu wenye adabu, ila bado wanakosa shikamoo.

Siku ya nne: Izamal, na Bibi anasimamisha gari

Tulilala Izamal, mji uliopakwa rangi ya manjano wote. Nyumba ya watawa ya Wafransisko imekaa juu ya jukwaa la hekalu la Wamaya, na mawe yake ni ya hekalu hilo hilo. Aliyeijenga ni Diego de Landa, yule yule aliyechoma vitabu vya Wamaya mjini Maní mwaka 1562, na yule yule ambaye maandishi yake baadaye yalisaidia watu kusoma herufi zilizobaki. Mitaa mitatu kutoka hapo kuna piramidi ya Kinich Kakmó, haina kiingilio na inapandwa. Kitinda alipanda mara tatu kufidia ya jana.

Kisha tukaelekea kusini mwa Mérida. Nilikuwa nimeiweka hacienda, shamba kubwa la zamani, kwenye ratiba bila kumwambia Mama kitu. Siri haikufika.

"Simamisha gari."

"Kuna nini, Mama?"

"Simamisha, nimesema."

Akashuka, akavuka mtaro na sketi yake imekusanywa mkononi, akasimama mbele ya mimea ya kijivu iliyojipanga mistari mpaka macho yanachoka. Akashika jani kwa vidole viwili, akalipapasa kutoka shinani hadi kwenye mwiba wa ncha.

"Mkonge," akasema. Kisha, "Lakini si wetu. Wetu hauna miba pembeni."

Mama alifanya kazi shamba la mkonge upande wa Muheza akiwa msichana, upande wa kuanika. Singa, yaani nyuzi, zikitoka kwenye korona, mashine ya kukamua majani, zimelowa, wanawake wanazitandaza juu ya nyaya, jua linazigeuza nyeupe. Baba yangu alizaliwa kwenye kambi ya manamba, vibarua wa mashambani. Babu mzaa baba aliletwa kutoka kusini kwa lori, na kipande, kadi yake ya kazi, mfukoni. Nimekua nikidhani mkonge ni mti wa kwetu kama mnazi.

Kwenye hacienda mkulima mmoja, Mmaya mwenye panga kiunoni, alimpa Bibi haki yake. Iko mikonge miwili, akasema: *sac ki*, mweupe, wenye miba pembeni, ndio walioupanda hapa kwa biashara, na *yaax ki*, wa kijani, jani laini. Uliosafiri ni ule wa kijani. Henry Perrine, balozi mdogo wa Marekani huko Campeche, aliupeleka Florida miaka ya 1830. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida vitoto 1,000, vikapitia Hamburg, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Hata jina "sisal" ni la bandari ndogo ya hapa Yucatán, iliyokuwa ikipakia robota za nyuzi. Miaka ya sitini sisi ndio tuliongoza dunia, zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, kisha nailoni ikatumaliza wote.

Nilimtafsiria Mama hayo yote. Alisikiliza namba moja tu.

"Sitini na mbili?"

"Sitini na mbili."

"Na ukaleta watu wote wale."

Mashine ya hapo bado inafanya kazi. Ilipowashwa, Mama alifumba macho. Mimi nilisikia kelele, yeye alisikia harufu: ile ya juisi ya jani lililopondwa, chachu, inayoingia kwenye nguo na haitoki. Mkulima alionyesha wanavyofunga mafungu ya majani hamsini. Mama akamwonyesha kwa vidole kwamba kwao ni thelathini. Wakabishana kwa vidole kwa furaha kubwa. Tulipanda toroli la relini linalovutwa na nyumbu, na tukapita nyumba ya mwenye shamba, vigae kutoka Ulaya, dari ndefu. Nyumba za wafanyakazi hazikuwa na vigae. Walikopeshwa mahindi na nguo kwenye duka la bwana, deni likawa refu kuliko maisha, mtoto akarithi. Wayaqui waliletwa kwa nguvu kutoka Sonora, na mwaka 1905 meli ilileta Wakorea kama elfu moja.

"Manamba," Mama akasema. Hakuhitaji tafsiri.

Kabla hatujaondoka mkulima alimsokotea kamba, pima moja na nusu, hapo hapo kwa gurudumu la mkono. Alikataa kulipwa.

Siku ya tano

Kuendesha. Mérida hadi Tulum, saa nne na matuta yasiyohesabika. Kitinda alitapika mara moja.

Siku ya sita: Tulum

Magofu ya Tulum yamekaa juu ya jabali, chini yake bahari ya rangi ambayo ukiipaka kwenye picha utaambiwa umezidisha. Ukuta umezunguka pande tatu, upande wa nne ni maji. Mijusi wakubwa kama kenge, wanaowaita *iguana*, wamelala juu ya kila jiwe kana kwamba ndio waliojenga. Kiingilio kina vipande zaidi ya kimoja siku hizi kwa sababu ya hifadhi mpya iliyolizunguka eneo, kwa hiyo beba pesa taslimu na usikasirike.

Hapa sikushangaa, nilijisikia nyumbani, nikadhani ni upepo. Kisha nikaelewa: ni Tongoni, magofu yetu ya pwani ya Tanga. Chokaa iliyochomwa tanurini, mawe, chumvi hewani, vyombo vikipita mbele. Wahispania wa Juan de Grijalva walipita pwani hii mwaka 1518 na kuona mji. Miaka 19 tu kabla ya hapo, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma mwenyewe meli yake moja, *São Rafael*, karibu na Tongoni, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Tofauti ni kwamba Tulum ina foleni ya saa nzima, na mara ya mwisho nilipokwenda Tongoni tulikuwa sisi na mlinzi na mbuzi wake.

Watoto walitaka kuogelea na papa potwe. Msimu wao huku ni Juni hadi Septemba. Desemba hii hii papa potwe wako Mafia, kwetu, na sisi tuko hapa. Tumechagua vibaya au vizuri, sijui.

Siku ya saba: Cozumel

Kutoka Playa del Carmen feri inachukua kama dakika 45, na norte ilikuwa imelegea lakini haijakwisha. Nusu ya abiria waliinamia mifuko. Bibi alikula njugu.

Baba watoto na watoto walizamia na miwani kwenye miamba ya kusini, wakarudi wakisimulia samaki taa na kasa kwa wakati mmoja. Mimi na Mama tulikwenda San Gervasio, magofu madogo katikati ya msitu. Palikuwa pa Ixchel, mungu wao wa uzazi, na wanawake wa bara walikuja angalau mara moja maishani kuomba watoto au uzazi salama.

"Walivuka ile bahari ya asubuhi kwa mtumbwi?" Mama akauliza. "Na mimba?"

Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akaniambia habari za uzazi wangu ambazo sikuwahi kuzisikia, na ambazo sitaziandika hapa.

Jioni nilimsimulia Mkubwa habari za Wahispania wawili waliovunjikiwa na meli mwaka 1511 na kuangukia mikononi mwa Wamaya. Cortés alipotua Cozumel mwaka 1519 aliwatumia ujumbe. Gerónimo de Aguilar alikuja mbio, akawa mkalimani wake. Gonzalo Guerrero alikataa: ameoa Mmaya, ana watoto, uso amechanjwa. Alibaki, na baadaye akapigana upande wa wakwe zake. Mkubwa, aliyezaliwa Houston na anajibu Kiswahili kwa Kiingereza, aliuliza watoto wa Guerrero walizungumza lugha gani. Bibi akataka atafsiriwe swali. Alipolielewa alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akamsogezea sahani ya samaki.

Siku ya nane: Isla Mujeres

Hatimaye kisiwa cha siku ya pili. Feri ni dakika ishirini, kisiwa chenyewe kilomita saba kwa urefu, chembamba kama ndizi. Watu wanakizunguka kwa vigari vya gofu. Francisco Hernández de Córdoba alikipa jina la kisiwa cha wanawake mwaka 1517 kwa sababu ya sanamu za kike alizozikuta, na kwenye ncha ya kusini kimebaki kipande cha hekalu la Ixchel huyo huyo, jiwe juu ya jiwe juu ya genge.

Tulikula *tikin xic*: samaki aliyepasuliwa, akapakwa achiote na chungwa chachu, akachomwa juu ya jani la mgomba. Bibi alisema angekuwa mzuri zaidi kwa nazi. Kisha akaomba mwingine.

Siku ya tisa: nyumbani

Forodha ya Houston waliuliza kama tuna mimea. Nikasema hapana. Bibi, aliyesikia neno moja tu kwenye swali zima, akafungua pochi na kutoa kamba. Afisa aliishika, akaivuta, akainusa, akamrudishia.

Sasa imefungwa barazani, nguzo hadi nguzo, na juu yake zinakauka kanga mbili na taulo la Kitinda. Masharti ya jengo yanakataza. Mpaka leo hajaja mtu kugonga.